Mwaka Shamba Letu Lilipongoja

Mlango wa nyumba ya mama ulikuwa umevimba kwa mvua, ikabidi niusukume kwa bega. Ulipokubali, harufu ikanipokea: popo, vumbi, panya aliyefia mahali nisipopajua, na chini ya hayo yote moshi wa zamani. Nilisimama kizingitini na ndoo yangu na ufagio wangu nikasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kunisikia, kwamba nimechoka. Nilikuwa sijafagia hata kona moja.

Wewe unanijua, mimi si mtu wa kulialia. Ni muuguzi Migori mjini, nimeona mengi, na siku ile nilikuwa nimetoka zamu ya usiku nikaunganisha safari moja kwa moja hadi Oyugis bila kugusa kitanda. Mama anakaa kwangu tangu magoti yake yakatae kazi. Kwenye boma letu lililo nje kidogo ya Oyugis amebaki binamu yangu, mtoto wa baba mdogo, na mke wake. Huyo binamu ndiye aliyepiga simu kusema mchwa wameingia kwenye nyumba ya mama. Ama mtu aje atoe vitu, nyumba isafishwe, yeye aigeuze ghala la mahindi, ama tuwaachie mchwa wamalize. Ndugu zangu wa kiume, walio Nairobi, walituma maoni. Mama alipoulizwa alisema, "Waambie waweke mahindi," kisha akaomba aongezewe chai. Basi nikaenda mimi, kwa sababu siku zote huwa ni mimi.

Nyumba yenyewe aliijenga baba. Ilikuwa ya kwanza kuezekwa mabati katika boma letu, na tulipokuwa watoto tulijivunia makelele yake mvua iliponyesha, tukiwasikitikia wenzetu wa nyumba za nyasi ambao hata hawakujua kama kunanyesha. Kuta ni za udongo, sakafu ni ya udongo, na kila Jumamosi mimi na mama tuliikandika kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu, tukirudi nyuma kinyumenyume hadi mlangoni, vidole vikiacha alama za upinde. Nyumba ya nyanya ilikuwa katikati, ikitazama lango. Sasa ni kichuguu chenye majani marefu. Kwetu nyumba ya marehemu hairudishiwi nyasi wala udongo, huachwa ianguke kwa wakati wake, na ile ya nyanya ilichukua miaka mingi kuanguka, kama yeye mwenyewe alivyokuwa mgumu kukubali jambo.

Mke wa binamu alikuja kunisaidia akiwa amejifunga leso kichwani. Ni msichana mzuri, mchapakazi, ila anauliza sana. Kila kitu alikiinua juu na kuuliza hatima yake. Vitambaa vya viti alivyoshona mama, vyenye maua ya manjano yaliyogeuka rangi ya chai. Kalenda za zamani zilizobandikwa moja juu ya nyingine. Redio iliyokufa, ambayo betri zake tulikuwa tukizianika juani zipate nguvu ya kusikiliza habari.

"Shemeji, hii pia tunachoma?"

"Choma."

"Hata hii? Hii bado iko sawa."

"Basi chukua wewe."

"Siwezi chukua kitu ya mama bila yeye kusema. Mpigie uulize."

Nilimpigia. Mama akasema achukue, na kwamba nisimpigie tena kwa ajili ya redio. Tukaendelea. Mgongo uliniuma, macho yaliniwasha kwa vumbi, na niliwaza kitanda changu kwa mapenzi ambayo sijawahi kuyaonyesha kwa binadamu.

Ni jikoni nilipokwama. Jiko la mama liko nyuma, kibanda cha udongo chenye mafiga matatu. Juu ya mafiga, kutoka boriti hadi boriti, upo waya uliojikunja kwa uzito na kugeuka mweusi tii. Hapo ndipo mahindi ya mbegu yalipotundikwa, yakiwa na maganda yake yaliyosukwa kama nywele, ili moshi uyapake masizi na dumuzi wayaogope. Yalitundikwa Agosti, yakateremshwa Machi. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuyagusa hata njaa ilipouma kiasi gani. Nilipougusa waya ule ili nisafishe, ukaacha masizi kwenye vidole vyangu, na nikauona ule mwaka ambao Machi ilipita, Aprili ikaingia, na mahindi yakawa bado yananing'inia.

Lazima nikueleze kwanza kuhusu nyanya, la sivyo hutaelewa. Nyanya yangu alikuwa mke mkubwa wa babu, ambaye sikumkuta. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye ugoro puani na sauti iliyofika mtoni bila yeye kuiinua. Chini yake alikuwapo nyanya mdogo, mke mwenza wake, mfupi na mcheshi, aliyempinga katika mambo madogo na kumtii katika makubwa. Mimi nilipozaliwa nilipewa jina la mama yake babu. Yaani jina la mama mkwe wa nyanya, mwanamke aliyelianzisha lile boma. Kwa hiyo nyanya aliniita maro, ambayo kwa Kijaluo ni mama mkwe. Ulikuwa mchezo wetu. Alikuwa akipita na mimi nimekaa mlangoni nalamba kijiko cha uji, anainamisha kichwa na kusema, "Maro, naomba ruhusa nikachume mboga." Mimi namjibu kwa dharau ya kikwelikweli, "Nenda, na usichelewe." Nyanya mdogo alicheka hadi akashika ubavu. Nikipita karibu na nyanya akiwa anakula, alijifunika mdomo kwa mkono, kwa vile mkwe hali mbele ya mama mkwe, halafu kwa mkono mwingine ananisogezea kiazi kitamu.

Utoto wangu ulikuwa huo. Viazi vitamu asubuhi na maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu. Nyoyo ya mahindi na maharagwe mchana, omena, wale dagaa wa ziwani, jioni, na karanga zilizopondwa zikatiwa kwenye mboga chungu ili tuache kukunja uso. Kuchota maji kabla ya shule. Kufukuza ndege kwenye mtama kwa kombeo na matusi. Shuleni ukisikika unaongea Kijaluo unavalishwa kipande cha mbao shingoni, na nyumbani ukiongea Kiswahili nyanya anauliza kama umeshikwa na homa. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alipenda kutuambia, chaki ikiwa imemchafua hadi nyusi, "Mvua ya Machi ikianguka, mbegu iwe chini. Machi haimngoji mtu." Tuliimba maneno hayo pamoja naye bila kuyafikiria.

Nyumbani mbegu haikuingia chini namna hiyo. Kwetu kulikuwa na zamu. Mke mkubwa wa boma ndiye anayepanda kwanza. Baada yake mke mdogo. Kisha nyumba za watoto wa kiume kwa kufuata kuzaliwa: kwanza ya baba yangu, kifungua mimba, ndipo ya baba mdogo. Hakuna anayemtangulia mwingine. Hata kama shamba lako limelainika na mvua inakunyeshea kichwani, unangoja aliye mbele yako. Na kama mwanamume yuko safarini, neno lake linatosha. Anatuma mtu aseme, "Pandeni," na mke wake anapanda. Anayerukwa ni mmoja tu, naye ni marehemu. Ukimruka mtu aliye hai umesema amekufa, na nyanya alikuwa mtu wa kuamini kwamba ukisema jambo kama hilo kwa jembe, jambo husikia.

Baba aliondoka baada ya mavuno kwenda kuchimba dhahabu upande wa Nyatike. Wengi walikwenda miaka hiyo. Mwanzoni zililetwa salamu, sukari, na leso moja ya mama ya rangi ya zambarau. Baadaye salamu tu. Halafu kimya. Mtu mmoja alisema amevuka mpaka kuingia Tanzania. Mwingine alisema shimo liliporomoka, ila hakujua ni shimo gani wala nani alikuwa ndani. Wanawake wa kisimani walinyamaza mama alipofika na ndoo yake, na mimi niliyekuwa nyuma yake nilikijua kimya kile ni cha nani.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Alizunguka minada yote hadi Ogwedhi, na alifahamu watu pande zote mbili za mpaka. Mama alimwomba amtafute mume wake. Alikuja siku moja mawingu yakiwa yameanza kujikusanya, koti lake likinuka ng'ombe, akazungumza na mama nyuma ya jiko hili hili. Sikusikia kitu. Nilikuwa nimepewa kazi ya kubangua karanga mlangoni. Mjomba aliondoka bila kula, jambo ambalo halikuwahi kutokea, maana alikuwa mlaji hodari. Mama alijifuta uso kwa upindo wa leso, akaenda kwa nyanya, na hilo nililisikia: "Hakumwona, mama. Anasema hakuna anayejua aliko."

"Basi hakuna pia anayejua kama amekufa," nyanya akajibu, na akaendelea kupepeta wimbi.

Mvua ikaanguka. Ilianguka vizuri, mchana na usiku, harufu ya udongo ikaingia hadi kwenye blanketi. Mashamba yetu yalikuwa yameshalimwa kwa plau, mawe yameondolewa, na mbegu ziko juu ya waya. Tulingoja nyanya ateremshe zake. Hakuteremsha. Alipoulizwa alisema angojewe mwanawe atume neno, maana yeye akianza, zamu ingefika kwa nyumba ya mwanawe. Siku zikapita. Majirani walipanda wote. Tukienda shule tuliona mistari ya mahindi yao imetoka, mistari mizuri ya kijani, na tukirudi tulikuta boma letu limezungukwa na weusi mtupu, magugu yakianza kujitokeza pale ambapo chakula kingekuwa. Mwalimu alituuliza darasani nani kwao bado hawajapanda. Sikuinua mkono.

Baba mdogo alikuwa mwanamume mwenye ndevu na watoto, lakini alimwogopa mama yake kuliko njaa. Alishinda akinoa jembe lililokuwa limeshanoleka. Mke wake alipika huku akiongea na sufuria kwa sauti ya kutosha kusikika hadi kwa nyanya. Alisema watoto hawali heshima. Alisema wengine wana shemeji aliyepotea na wengine wana matumbo. Mama yangu alianza kutupunguzia uji, yeye mwenyewe akiacha kabisa kunywa wa asubuhi, na nilipomwuliza alisema uji unampa kiungulia.

Kisha siku moja mama alivuka uwanja akaingia jikoni kwa nyanya. Nilikuwa ndani, nageuza viazi kwenye majivu, na wakubwa wakikasirika husahau watoto.

"Mama, hii mvua haitangoja," alisema. "Mimi ndio mke wake. Kama kuna mtu wa kusema angojewe, ni mimi. Na mimi nasema tupande."

Nyanya hakumtazama. "Wewe unaweza kupata mwanamume mwingine," alisema. "Bado unayo miaka. Mimi kifungua mimba mwingine nitamtoa wapi?"

"Sijasema amekufa."

"Jembe litasema."

Mama aliufungua mdomo. Nilimwona, nilikuwa chini kabisa karibu na moto na mwanga ulimpiga usoni, aliufungua mdomo kama mtu aliye na neno tayari, akaufunga. Akasema, "Sawa, mama," akatoka. Nilidhani ameshindwa hoja. Kwa miaka mingi nilidhani hivyo.

Aliyetutoa hapo ni nyanya mdogo. Yeye alikuwa na njia ya kuingia kwenye mambo mazito kwa mlango wa mzaha. Alikuja kwa nyanya akiwa na ugoro mpya, wakavuta, wakapiga chafya, wakasemana kuhusu kuku aliyekuwa akitaga kwenye nyumba isiyo yake. Halafu akaniangalia mimi, niliyekuwa nimekaa kando yao. Akasema, "Mama wa mume wetu si huyu hapa anatutazama? Tangu lini wakwe wawili wanabishana habari ya kupanda na mwenye boma amekaa? Yeye ndiye aliyepanda hapa kabla yako na kabla yangu. Mkono wake ukitangulia, wewe hujamruka mtu. Na yeye tena ni damu ya nyumba ile ya mwanao. Utasema nani ameachwa?"

Nyanya mdogo hakuongeza kitu, na hilo lilikuwa la ajabu kwake. Alijifuta pua, akaondoka na kuku wake kwapani.

Kesho yake asubuhi sana, umande ukiwa bado haujakauka, nyanya alikuja mlangoni kwetu. Alikuwa amevaa gauni lake safi, miguu mitupu, na mikononi ana kikapu cha mbegu zilizopukuchuliwa. Hakuingia. Alisimama nje kama anavyosimama mwanamke aliyeolewa karibuni, akainamisha kichwa, akaita, "Maro."

Nilitoka nikicheka, kwa sababu huo ulikuwa mchezo wetu. Kicheko kilikatika nilipomwona usoni. Alikuwa amezeeka. Nyuma yake walisimama nyanya mdogo, baba mdogo na mke wake, na mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Maro," nyanya alisema, "mvua imenishinda. Nimekuja kukuuliza. Tupande?"

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu. Nilijua njaa, nilijua mistari ya kijani ya majirani, na nilijua pia ni kwa nini shamba letu ni jeusi. Nikauliza jambo ambalo watu wazima wote walikuwa wamelizunguka tangu mawingu yaanze. Nikasema, "Na baba?"

Nyanya alinisogezea kikapu. "Hilo ndilo nakuuliza wewe," alisema. "Wewe ndiye mwenye boma. Ukisema tungoje, tutangoja."

Najua unangoja nikuambie nilijibu kwa busara. Nilimtazama mama, na mama akatazama chini. Nikasema, "Tupande. Ya baba nitampandia mimi." Nyanya alifumba macho. Alikubali kwa kichwa, akanishika mkono na kunipeleka shambani kwake. Alichimba shimo kwa jembe lake, akanitilia mbegu kiganjani, zilikuwa zinanuka moshi, nikaziangusha. Nikafukia kwa mguu. Baada ya mashimo machache akaniambia inatosha. Tukaenda kwa nyanya mdogo, nako nikaanza mimi. Kisha shamba la nyumba yetu. Hapo nyanya hakuchimba. Alitupa mgongo, akasimama mpakani akitazama njia inayotoka barabarani, mama akachimba na mimi nikapanda. Tulipomaliza mstari wa kwanza, nyanya alimwambia baba mdogo bila kugeuka, "Sasa pandeni." Mke wa baba mdogo alikimbia, ninakwambia, alikimbia na jembe kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Nyanya aliingia kwake akafunga mlango. Tulimsikia akilia hadi mchana. Alilia kwa sauti kamili, ile ya msibani, na hakuna aliyethubutu kwenda kumnyamazisha wala kumsaidia kulia, maana kumsaidia kungekuwa kukubali kwamba kuna maiti.

Mahindi yale yalitoka mafupi na yenye mapengo kama mdomo wa mtoto. Lakini tulikula. Baba hakurudi mwaka ule wala mwingine. Mchezo wetu, mimi na nyanya, uliishia siku ile mlangoni. Aliacha kuniita maro kwa mzaha, akaniita kwa jina langu la shuleni kama watu wengine. Ila kila Machi alikuja na kikapu chake akaniuliza, na kila Machi nilisema tupande, nikampandia baba. Hata nilipokwenda bwenini upande wa Asumbi, mama alinijia siku ya wazazi akiwa amefunga mbegu kwenye kitambaa, nikaziweka kiganjani chini ya meza, wasichana wenzangu wakila chapati na kunitazama. Niliona haya hadi masikio yakapata moto. Mama akazifunga tena taratibu, akasema, "Nyanya yako anakusalimu."

Nyanya alifariki miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Kwa kuwa nyanya mdogo alikuwa amemtangulia kaburini, Machi iliyofuata mama ndiye aliyekuwa mbele katika shughuli za kupanda, na alipanda mvua ilipoanza tu. Hakunitumia mtu, hakuleta kitambaa. Nilipofunga shule nikakuta mahindi yamenifika kiunoni. Nilikasirika kidogo, nakuambia ukweli. Nilikuwa nimekizoea cheo changu.

Hayo yote yalinipitia nikiwa nimesimama kwenye kigoda na waya mkononi, mke wa binamu akiniuliza kama waya pia tunachoma. Tulimaliza jioni. Tulifagia, tukamwaga maji ya dawa kwenye mashimo ya mchwa, tukaiacha nyumba tupu ikinuka sabuni. Ni ndogo sana, hiyo nyumba ya utoto wetu, ikitolewa viti. Sikuweza kuelewa tulilala wapi sote. Siku hizi zamu ya kupanda haipo tena. Mke wa binamu ameshapanda, kwa mbegu za pakiti zilizopakwa dawa ya rangi ya waridi, na nilipomwuliza alimngoja nani akasema, "Kwani ningengoja nani, shemeji?" Hakuwa na ubaya. Hakujua tu.

Nilimsimulia mama niliporudi Migori. Alikuwa kwenye kiti chake, magoti yamefunikwa kwa shuka, akichambua dagaa. Nilimweleza habari ya popo, ya mchwa, ya waya. Nikamwambia wamepanda bila kungoja mtu, akasema vizuri. Nilikuwa nimechoka mno kuchagua maneno, ndiyo maana nikamwuliza. Nikasema, "Mama, miaka yote ile pale kwenye nyumba ile, ulikuwa unamngoja baba kweli?"

Aliendelea kuchambua. "Mjomba wako alimwona," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Ile siku alikuja akakataa kula. Alimwona Tanzania. Alikuwa mzima, na mke, na mtoto mchanga. Alimwambia mjomba wako asisumbuke tena, hataki habari za nyumbani. Hata za mama yake. Alisema hivyo, hata za mama yake."

"Na ulijua. Na ulituacha na njaa, shamba likikaa."

"Nilienda nimwambie nyanya yako. Wewe ulikuwa pale kwa moto." Akatupa kichwa cha dagaa kwenye sahani. "Mtoto aliyekufa angeweza kumzika. Huyu aliyemkataa akiwa hai angemfanya nini? Nikaona heri ile njaa kidogo."

Nilimwuliza basi kwa nini hakurudi kwao. Alikuwa kijana. Mjomba alimtaka arudi, hilo nalikumbuka, walimwitia hadi mchumba. Mama alinitazama kama mtu anayeulizwa kitu kisicho na maana.

"Ningeondoka," alisema, "nyanya yako angeuliza kwa nini."

Kisha akaniambia nikalale, nina zamu.

Sikulala. Nilikuwa nimeshinda siku nzima nikifagia nyumba ambamo nilidhani mwanamke mmoja alimngoja mume wake, na nikamwonea huruma kwa hilo. Kumbe alikaa humo ujana wake wote ili mama wa mtu mwingine asifike mahali pa kuuliza swali. Nyanya amekwenda, nyumba yake imeanguka, zamu ya kupanda haipo, na binamu yangu sasa anaweka mahindi pale ambapo mama alilala peke yake. Watu wa namna ile nao wanakwisha. Mmoja yuko kwangu, anaumwa magoti, na asubuhi ataniuliza kama nimekula.